Kutoka mchoro bapa hadi kipuri kamili: njia nne za kuchora vipuri vya mashine kwa kompyuta

Tumezoea kuongea hapa habari za mbegu, mbolea na viwavijeshi. Leo tuongee chuma.

Wengi wenu hapa Itiryo na kata za jirani mmeshavuka hatua ya jembe la mkono. Mna mashine za kupukuchua mahindi, mna pampu, wengine mna mashine za kukoboa kahawa mbivu. Na kila mwenye mashine anajua: haiharibiki siku imelala stoo. Inaharibika siku mahindi yapo uwanjani, wateja wamepanga foleni na mawingu yameshika mlimani. Mahindi yakinyeshewa yakiwa bado kwenye magunzi, ukungu unaingia, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Hapo hasara siyo ya mashine tena, ni ya gunia.

Kuna na jambo la deni. Vikundi kadhaa vya vijana vinanunua mashine kwa mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana. Mashine ikisimama wiki mbili kwa sababu kipuri kilichongwa vibaya, rejesho halisimami.

Sasa, vipuri vingi tunavyochongesha vinakosewa kabla hata chuma hakijaguswa. Vinakosewa kwenye maelezo. Mtu anapiga simu: "Fundi, nitengenezee puli ya inchi kumi." Fundi anatengeneza puli ya inchi kumi kweli, ila siyo hiyo uliyokuwa nayo kichwani. Dawa yake ni mchoro wenye vipimo. Na siku hizi kijana mwenye laptop ya kawaida anaweza kuchora kipuri kizima kwenye kompyuta, akakizungusha na kukitazama pande zote, akajua kina uzito gani, kabla hajatoa hata shilingi ya chuma.

Mimi diploma yangu ni ya kilimo, siyo ya uhandisi. Kwa hiyo hesabu nitakazotumia hapa ni za sekondari, na mifano yote ni ya mashine ya kupukuchua mahindi tunayoijua.

Wazo lenyewe ni moja tu

Chukua ndizi, ikate katikati kwa kisu. Unaona duara. Chukua kipande cha engo, kile chuma cha kutengenezea fremu, kikate kwa msumeno. Unaona herufi L. Umbo hilo unaloliona pale ulipokata ndilo tutaliita umbo la mkato.

Programu za kuchora vipuri zinafanya kazi kwa wazo hili: wewe unachora umbo la mkato likiwa bapa, kama unavyochora kwenye karatasi, halafu unaiambia programu namna ya kulipa unene. Ukishalipa unene, linakuwa umbo mango, yaani kitu kizima chenye ndani na nje, chenye ujazo na uzito.

Kuchora kwa kompyuta siyo kitu cha jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi pale MIT, Marekani, alionyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad, ambapo mtu alichora mistari moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Zamani hizo kompyuta moja ilijaza chumba. Leo kuna FreeCAD, programu ya bure kabisa, haina leseni ya kulipia, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ilianza kutolewa mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Uzuri wake kwetu sisi wa huku juu ni kwamba ukishaipakua mara moja, haihitaji intaneti kufanya kazi. Pakua ukiwa Tarime mjini penye mtandao mzuri, rudi nayo nyumbani.

Kwanza mchoro uwe mzima

Kabla ya njia nne, lazima tuelewane kuhusu mchoro. Umbo la mkato likiwa bovu, programu itakataa kulipa unene, na anayeanza anadhani kompyuta imeharibika. Masharti ni manne:

1. Mchoro ufungwe. Fikiria uzio wa zizi. Ukiacha mwanya hata wa kidole, ng'ombe watatoka. Programu nayo ikikuta mwanya haijui ndani ni wapi na nje ni wapi.

2. Mistari isikatane yenyewe kwa yenyewe. Umbo kama namba nane lililochorwa kwa mstari mmoja halifai.

3. Pasiwe na mstari unaoning'inia pembeni bila kazi.

4. Kila kitu kifungwe kwa vipimo. Hapa ndipo wengi wanaruka, kwa hiyo nitaeleza zaidi.

Ukichora mstatili kwenye FreeCAD, huo mstatili bado una uhuru wa aina nne. Urefu wake unaweza kubadilika. Upana nao. Unaweza kusogea kulia na kushoto, na unaweza kusogea juu na chini. Kazi yako ni kuondoa uhuru huo mmoja mmoja. Unasema urefu ni milimita 100: umebaki na tatu. Upana ni milimita 100: mbili. Halafu unasema uko umbali gani kutoka katikati ya ukurasa, kwa upande na kwa kimo: imeisha. Mistari inabadilika rangi kuwa ya kijani, maana yake mchoro umefungwa sawasawa, hauchezi tena.

Usichoke kwenye hatua hii. Mchoro usiofungwa ni kama nguzo ya uzio isiyoshindiliwa, ukiiegemea kidogo inahama. Na tumia milimita kila mahali. Ukichanganya inchi na milimita kwenye kipuri kimoja umejitafutia ugomvi na fundi.

Njia ya kwanza: kusukuma

Minya tyubu ya dawa ya meno. Tundu ni duara, dawa inatoka ndefu yenye umbo la duara. Kama tundu lingekuwa la nyota, ingetoka ndefu yenye umbo la nyota. Hivyo ndivyo njia hii inavyofanya: unachukua umbo la mkato na kulisukuma mbele kwa urefu unaotaka. Kwenye FreeCAD kitufe chake kimeandikwa "Pad".

Mfano ni kitako cha mguu wa mashine, ile pleti inayofungwa chini kwa bolti. Chora mraba wa milimita 100 kwa 100, usukume milimita 6. Umepata pleti. Sasa tunataka matundu manne ya bolti. Chora miduara minne ya kipenyo cha milimita 12 juu ya uso wa pleti, kisha tumia kitufe "Pocket". Hiki ni kusukuma kulekule, ila kwa kuondoa. Badala ya kuongeza chuma, kinatoboa.

Tuhakiki kwa hesabu. Pleti ni sentimita 10 × 10 × 0.6, sawa na sentimita za ujazo 60. Kila tundu linaondoa karibu 0.68, kwa hiyo manne yanaondoa kama 2.7. Zinabaki 57.3. Chuma cha pua kina gramu karibu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo pleti moja ina gramu 450 hivi. Mashine ya miguu minne inahitaji pleti za kilo 1.8. Sasa ukienda dukani unajua unanunua nini.

Njia hii inafaa kwa kila kitu chenye mkato uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho: engo, skwea paipu, pleti, hata tofali.

Njia ya pili: kuzungusha

Mmeona fundi anayekereza miguu ya kitanda. Mti unazunguka, patasi imetulia, na chochote patasi inachochora kinajirudia pande zote. Kwenye programu ni vivyo hivyo, ila kinachozunguka ni mchoro. Unachora nusu tu ya umbo la mkato upande mmoja wa mstari wa katikati, unaiambia programu ilizungushe nyuzi 360. Kitufe kinaitwa "Revolution".

Kipuri cha kuchora kwa njia hii ni puli. Tuanze na kwa nini ukubwa wake ni muhimu. Tuseme injini yako inazunguka mara 1500 kwa dakika na ina puli ya milimita 100. Aliyetengeneza mashine anataka shafti ya kupukuchulia izunguke mara 600. Hesabu yake: 1500 × 100 ÷ 600 = 250. Kwa hiyo kwenye mashine unahitaji puli ya milimita 250. Ukiweka ndogo kuliko hiyo, shafti inakimbia sana na punje zinavunjika. Ukiweka kubwa, shafti inachelewa na magunzi yanatoka na punje.

Sasa chora. Weka mstari wa katikati. Shafti yetu ni ya milimita 25, kwa hiyo mchoro unaanzia milimita 12.5 kutoka mstari wa katikati na unaishia milimita 125. Umeona? Kwenye njia hii kipimo unachoandika kutoka mstari wa katikati ni nusu kipenyo. Hili nalirudia kwa sauti, kwa sababu ndilo linalowaponza wanaoanza. Ukiandika 250 kutoka katikati, umechora puli ya nusu mita nzima. Mashine iliyotakiwa kuzunguka mara 600 itazunguka mara 300.

Upana wa puli tuuweke milimita 25. Ukingoni chora mfereji wa mkanda. Hapa panataka umakini. Mkanda wa V haukamati kwa chini, unakamata kwa mbavu zake mbili. Mkanda aina ya B una upana wa milimita 17 juu na kimo cha milimita 11. Aina ya A una 13 kwa 8. Mfereji uwe na kina kinachozidi kimo cha mkanda, ili mkanda usiguse sakafu ya mfereji. Kwa mkanda wa B tuseme kina cha milimita 15. Pembe kati ya kuta mbili za mfereji huwa nyuzi 34 hadi 38 kutegemea ukubwa wa puli, na kwa puli kubwa kama hii tunatumia 38.

Kuna kikundi cha vijana nawafahamu, waliagiza puli kwa simu bila kutaja aina ya mkanda. Puli ikaja ya mfereji wa A, wakati mkanda wao ni wa B. Mkanda ukakaa juu juu ya mfereji kama mtu aliyekalia ukingo wa kiti. Kila mzigo ukizidi, unaruka. Kipenyo kilikuwa sahihi kabisa, na fundi alikuwa na haki ya kudai hela yake. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye mchoro.

Masharti ya kuzungusha ni mawili. Mchoro wote ukae upande mmoja wa mstari wa katikati, usiuvuke. Na mstari wenyewe wa katikati uwe mahali sahihi, maana ukihama milimita 5, kipenyo kimehama milimita 10.

Faida nyingine ni uzito. Puli hii ikiwa ya chuma kitupu, kabla ya kuondoa mfereji, ina kilo karibu 9 na nusu. Ni nzito, na ni hela. Kwenye mchoro wako punguza unene wa tumbo lake, tuseme kutoka milimita 35 hadi milimita 100 kutoka katikati, uwe milimita 10 badala ya 25. Umeondoa kilo 3 na zaidi kidogo bila kugusa ukingo wala kitovu. Muulize fundi kama tumbo hilo litatosha kwa nguvu ya injini yako. Swali hilo yeye ndiye wa kulijibu, programu hailijibu.

Mwisho, tundu la kii, ule mfereji mdogo unaozuia puli isizunguke peke yake kwenye shafti, haliwezi kuchorwa kwa kuzungusha, kwa sababu liko upande mmoja tu. Hilo utalitoboa baadaye kwa njia ya kwanza.

Msidhani kuzungusha ni mambo ya kompyuta tu. Miaka ya 1980 CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, kwa kushirikiana na GTZ ya Ujerumani, kilisanifu mtambo wa biogesi wenye kuba la nusu tufe. Fundi mwashi anapojenga kuba la namna hiyo anaweka kijiti katikati ya sakafu, na kila tofali analipima kwa kijiti kilekile anachokizungusha. Kijiti ni nusu kipenyo, na kuba lote ni robo ya duara iliyozungushwa. Hesabu yake inaonyesha kwa nini kipimo hicho hakichezewi. Nusu tufe la nusu kipenyo mita 1.5 lina mita za ujazo 7 hivi. Ukiongeza nusu mita tu, iwe mita 2, linakuwa karibu 16.8. Zaidi ya mara mbili. Kwa anayechimba shimo na kununua saruji, hiyo nusu mita siyo mchezo.

Njia ya tatu: kuunganisha maumbo mawili

Kuna vitu ambavyo mkato wake unabadilika kadiri unavyoshuka. Mfano ni mdomo wa kumiminia mahindi, ambao wengine mnauita hopa. Juu ni mpana, chini ni mwembamba. Huwezi kuusukuma kwa sababu haulingani, huwezi kuuzungusha kwa sababu ni wa pembe nne.

Hapa unachora michoro miwili. Wa kwanza chini, mraba wa milimita 200 kwa 200. Wa pili juu yake, milimita 600 kwa 600, kwa kimo cha milimita 400. Unaiambia programu iunganishe kutoka wa chini hadi wa juu. Kitufe ni "Additive Loft". Halafu unatoa vya ndani ubaki na ganda la unene wa bati lako, tuseme milimita 2, kwa kitufe "Thickness".

Ujazo wake? Kwa kanuni ya piramidi iliyokatwa kichwa: 0.4 ÷ 3 × (0.36 + 0.04 + 0.12) = mita za ujazo 0.069, yaani lita 69 hivi.

Lakini faida kubwa ya mchoro huu ni kipimo ambacho jicho halikioni. Fundi akisikia kimo ni milimita 400, anaweza kukata bati za kimo cha 400. Ni kosa. Bati limelala, siyo kwamba limesimama wima. Kila upande unaingia ndani milimita 200 huku ukishuka 400. Kwa hiyo urefu wa bati lenyewe, kwa Pythagoras tuliyemsoma sekondari, ni kipeuo cha pili cha 400² + 200², sawa na milimita 447. Ukikata bati la 400, mdomo wako utaishia na kimo cha milimita 346. Unakuta hauifikii fremu, unaanza kuunga viraka.

Kwenye programu unapima moja kwa moja juu ya umbo: 600 juu, 200 chini, 447 katikati. Kata vipande vinne vya hivyo, chomelea. Angalia pia mteremko. Katikati ya kila upande ni nyuzi 63 kutoka usawa wa ardhi, lakini kwenye kona ni nyuzi kama 55 tu. Kona daima zimelala zaidi kuliko pande. Ndiyo maana mahindi yakikwama hukwama konani. Ukitaka yashuke vizuri, angalia pembe ya kona, usidanganyike na pembe ya upande.

Sharti la njia hii: michoro yote miwili iwe na idadi sawa ya pembe, na ianzie kona inayolingana. La sivyo umbo litajisokota kama kamba.

Njia ya nne: kufuata njia

Ya mwisho ni ya vitu vilivyopinda, kama mpini wa kusukumia mashine au bomba la kutolea pumba. Unachora vitu viwili: umbo la mkato, na njia ambayo umbo hilo litapita. Kitufe ni "Additive Pipe".

Tuchore mpini wa bomba la milimita 25. Njia yake: milimita 400 moja kwa moja, kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha milimita 75, halafu milimita 400 nyingine. Umbo la mkato ni duara la milimita 25, na liwekwe mwanzoni mwa njia, limesimama wima kwa njia yenyewe.

Kona kali ndiyo adui hapa. Nusu kipenyo cha kona kikiwa kidogo kuliko nusu ya unene wa bomba, umbo linajikata lenyewe na programu inagoma. Lakini hata programu ikikubali, bomba halisi lina tabia zake. Likikunjwa kwa ukali linabonyea ndani. Nimetumia milimita 75, yaani mara 3 ya kipenyo cha bomba, ambacho ni kipimo cha kuanzia kinachokubalika kwa mafundi wengi.

Sasa hesabu ya manunuzi. Kona yenyewe ina urefu wa robo duara: 1.57 × 75 = milimita 118. Jumla ni 400 + 118 + 400 = 918. Bomba la mita 6 linatoa mipini 6 na kubaki karibu nusu mita.

Kuviunganisha, na kubadilisha namba moja

Kipuri halisi mara nyingi ni mchanganyiko. Puli yetu ni kuzungusha, kisha tundu la kii kwa kutoboa. Mdomo wa mahindi ni kuunganisha, kisha ukingo wa kufungia bolti kwa kusukuma. Programu inatunza orodha ya hatua zote kwa mpangilio ulizozifanya. Ukitaka kubadili, unarudi kwenye hatua ile na kubadili namba yake tu. Umepata injini nyingine inayozunguka mara 1200? Puli mpya ni 1200 × 100 ÷ 600 = milimita 200. Fungua mchoro wa puli, badilisha 125 iwe 100, umbo zima linajirekebisha.

Ila hilo linafanikiwa kama ulifunga mchoro vizuri tangu mwanzo. Mfereji wa mkanda upimwe kutoka ukingo wa nje, ili puli ikipungua nao usogee. Ukiupima kutoka katikati, puli itapungua na mfereji utabaki ukielea hewani. Tumbo la puli nalo litahitaji kupunguzwa, maana tuliliishiza milimita 100, na sasa huko ndiko ukingo uliko. Kwa hiyo kila ukibadilisha namba, zungusha umbo lote na ulikague.

Mambo ambayo mchoro haufanyi

Nisiwadanganye. Mchoro hauna welding. Hauchagui chuma kizuri. Unaweza kuchora kwa usahihi kabisa kitu ambacho kitavunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo mpelekee fundi mchoro kama mazungumzo, msikilize atakachosema, hasa kuhusu unene na beringi. Fundi mwenye miaka 20 kwenye mashine ya kukerezea anajua mambo ambayo hayapo kwenye kioo chako.

Pia puli na mkanda vinavyozunguka lazima vifunikwe. Chora kifuniko pamoja na puli, usikiache kwa siku nyingine. Tunawajua watu waliopoteza vidole.

Na siyo kila kipuri kinahitaji kompyuta. Bolti, beringi na mikanda ni vya kununua, vina namba zake dukani. Chora kile unachochongesha.

Anza hivi

Tafuta venia kalipa. Futi kamba haitoshi kwa shafti na beringi. Pima kipuri kilichovunjika mara mbili, andika kwenye daftari, ndipo ufungue kompyuta. Wiki ya kwanza chora pleti yenye matundu manne. Ya pili chora puli. Ya tatu mdomo wa mahindi. Kila mara linganisha uzito au ujazo uliopewa na programu na hesabu yako ya mkono. Zikipishana sana, kuna kipimo umekosea.

Ukimaliza, chapisha karatasi moja yenye kipuri kikionekana mbele, ubavuni na juu, vipimo vyote kwa milimita, aina ya chuma, na idadi. Hiyo ndiyo unampa fundi, nakala unabaki nayo. Kama hakitalingana na karatasi, mna kitu cha kuamua nacho bila kugombana. Wenye laptop moja kwenye kikundi, kaeni watatu watatu, mmoja achore na wengine wasome vipimo.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, SIDO wana ofisi mikoani, kwetu Mara iko Musoma, na VETA wanafundisha ufundi wa kuchomelea na kukereza. Mtu akijua kuchora na kukereza kwa pamoja, hata msimu wa mahindi ukiisha hatakosa kazi.

Mashine zenu zikaguliwe sasa, kabla ya mavuno. Mwenye kipuri kinacholegea akilete ofisini kwangu Itiryo pamoja na vipimo vyake, tukichore pamoja. Msimu mwema.